Kombe la Bwawa Kavu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshuka kitandani, unatembea, na lile goti limeacha kukusumbua. Mama naye mpe shikamoo yangu, mwambie ule mto alioniletea ndio ninaolalia. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya roho nitakueleza, maana ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Barua yako niliipata. Nilipofika pale unaposema umeikata picha yangu gazetini, ukaitundika sebuleni juu ya redio, na kila mgeni unamwonyesha Chura wako alivyoshika kombe, niliikunja nikaiweka kando. Sikuweza kuimaliza siku ile. Nakuomba usome hii mpaka mwisho kabla hujamwita mgeni mwingine.

Unakumbuka ni wewe uliyenisukuma nijiunge na chama. Ulisema umefyeka bustani za watu ujana wako wote bila wa kukusemea, na kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nami nilikuwa na shida yangu. Pampu ya bwawa letu la umma ilikufa mwaka jana, maji yakageuka kijani, yakamwagwa, na tangu hapo mimi mwokoaji nakaa kwenye kiti changu kirefu, filimbi shingoni, nalinda vigae. Watoto nao hawakuacha kuogelea, wangeachaje? Walihamia kwenye shimo la machimbo ya kokoto nyuma ya mtaa, limejaa maji ya mvua na hakuna anayejua kina chake. Kila jioni nilikuwa nawaona wanapita na nywele mbichi, nawahesabu mmoja mmoja. Nikajiambia, chama cha wafanyakazi wa bustani, viwanja na mabwawa kikipiga kelele, pampu itapatikana na watoto watarudi.

Basi nikajiunga. Lo, Baba! Vidole vyote vipo pale, ila chawa ndio wanaogombea uongozi. Mwenyekiti tunamwita Kofia, kwa sababu ana kofia pana ya mtunza bustani ambayo haijawahi kuona jua. Anaivaa ukumbini. Mikono yake ni laini kama ya mtoto mchanga. Kikao cha kwanza tulibishania rangi ya tai za wanachama, cha pili nani akae meza ya mbele. Kila nikinyoosha mkono niseme pampu, naambiwa jambo hilo ni zuri sana, nilitunze mpaka kwenye mengineyo, mwisho wa kikao, na tukifika kwenye mengineyo watu wameshasimama, wanagombania chai. Nilikuwa narudi nyumbani nimechefukwa kama niliyekunywa yale maji ya kijani.

Siku moja Kofia akaniita pembeni. Akaninong'oneza kwamba mkutano mkuu utatoa kombe la usalama, na mshindi atapewa kipaza sauti mbele ya mkurugenzi wa manispaa. Akataka kujua bwawa langu limepata ajali ngapi mwaka huu. Nikamjibu hata moja, litapataje na maji halina? Akacheka mpaka kofia ikahama kichwani, akasema yeye hakuuliza habari za maji. Akaniambia nikishapanda jukwaani nitajiombea pampu kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliona kinyaa, Baba, sikufichi. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nikainama.

Mkutano wenyewe ulikuwa hotelini. Nje ya ukumbi kulikuwa na bwawa limejaa mpaka juu, maji ya buluu, safi, na hakuna aliyetia hata kidole. Juu yake yalikuwa yanaelea maua ya plastiki. Watu wa bustani hao, Baba, maua ya plastiki! Nilitamani kutema mate humo ndani.

Mkurugenzi alisimama kabla yangu. Alinisifu weee, akasema bwawa lenye usalama wa namna ile halina haja ya kitu chochote, na kwamba pampu mpya iliyokuwa imetengwa kwa ajili yetu itapelekwa kwa wenye matatizo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ndipo kipaza sauti kikaja mkononi mwangu. Nilimtazama Kofia, naye akaweka kidole kwenye midomo yake. Asubuhi alikuwa ameshanidokeza kwamba kiti cha katibu msaidizi kiko wazi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshajiona nimekikalia. Nikasema asanteni sana. Basi, hayo tu. Meno yote unayoyaona kwenye picha ni ya hapo.

Sasa linakuja lile ambalo dada alinikataza kukuambia kwa ajili ya presha yako. Kaa kwanza. Yuko hai, anakula, anacheza. Mjukuu wako Kasuku, huyu wa dada, tuliyekuambia amelazwa kwa homa, hakuwa na homa. Alasiri ile ile, mimi nimekumbatia kombe, yeye aliteleza akatumbukia kule shimoni. Wenzake walipiga mayowe. Mama mmoja mponda kokoto, asiyejua kuogelea hata kidogo, akamrushia kamba ya ndoo yake, mtoto akaishika, akamvuta mpaka juu. Alikuwa ameshakunywa maji mengi. Nilifika hospitali na nguo zangu za mkutano na kombe mkononi, sina pa kuliweka. Dada alilitazama lile kombe, akanitazama mimi. Afadhali angenipiga.

Chama kilisikia. Nilidhani watakuja kumwona mgonjwa, kumbe Kofia alinipigia simu, akanipa pole ya harakaharaka, kisha akanituliza kwamba ajali haikutokea bwawani, kwa hiyo sifa ya kombe letu iko palepale. Ptu! Nilijiona mchafu kwa kumsikiliza tu, na nilijiona mchafu zaidi nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeanza kufanana naye. Kombe na kadi yangu ya uanachama nilimpelekea kesho yake, nikamwachia mezani, na ule ukatibu awape chawa wenzake.

Pampu sikuipata, Baba. Nililolipata ni hili: kila alasiri naviacha vigae, nachukua filimbi yangu, nakwenda kukaa ukingoni mwa lile shimo, maana watoto ndiko waliko. Msimamizi wa bwawa ameshaniahidi barua ya kufukuzwa kazi. Ailete.

Picha ile iteremshe, tafadhali. Wageni wakiuliza imekwenda wapi, waambie ukweli, usinifichie aibu.

Msalimie shangazi na majirani wote. Dada anakusalimu na anaomba radhi kwa kukuficha. Kasuku naye anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi sana. Anakojoa kitandani, na akioga hataki maji yamguse uso. Nimemwekea karai uani, kama ulivyoniwekea mimi ukanifundisha kupuliza mapovu, kabla hata sijalipata jina la Chura. Siku zote alikuwa anatia vidole tu. Jana alitia kidevu, akaniangalia, akauliza kama nimemshika. Nikamwambia nimekushika, mwanangu, siendi popote.

Ni mimi binti yako,
Chura