Konokono katika Bwawa la Mama

Kwako mdogo wangu Somoe, Ufukoni.

Assalaam alaykum. Barua hii ikikukuta umesimama, tafuta kigoda kwanza. Goti linaendeleaje? Na mwanao Rehema, vitumbua vyake bado vinagombaniwa hapo mtaani? Sisi huku tunapumua. Mihogo imekubali, mikorosho imeanza maua, na mimi kaka yako bado napanda paani mwenyewe kuziba makuti wakati vijana wanashika viuno chini wakinitazama.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Simu ya hapa ni ile ya dukani kwa Bakari, na Bakari huweka sauti juu kijiji kizima kisikie. Kuandika najua. Kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, mwalimu mwenyewe alikiri. Barua nampa Lourenco wa bodaboda, nimemwambia hata maji asinywe mpaka akukabidhi mkononi.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mjukuu wetu Yusufu anakojoa mkojo mwekundu na analia akikojoa, na bibi zake wa upande wa baba wanashangilia kwamba mtoto amekomaa, ndivyo mwanaume anavyoanza, basi aingie jando mwezi huu huu. Mnangoja ruhusa yangu kwa kuwa mimi ndiye mjomba wa mama yake. Ruhusa sitoi. Najua utasema haya, Zuberi ameanza tena, aligomea bati, akagomea posa yangu, sasa anagomea jando. Kwa hiyo itabidi nikueleze yote, maana nikikueleza nusu hutanisikia.

Unakumbuka ile kampuni inayotaka kujenga nyumba za wafanyakazi kutoka mpaka wa shamba letu hadi kwenye bwawa la mama. Wenzangu wote walikubali fidia. Mimi nilisimama mkutanoni nikamwambia mwenyekiti kwamba bwawa lile mama alilichimba kwa jembe akiwa na mimba yako wewe, na kaburi lake liko pale pale ukingoni, basi anayetaka kulifukia anifukie na mimi. Watu walipiga makofi. Wengine walicheka, lakini makofi yalikuwa mengi.

Masika yalipokwisha wakaja watu wa utafiti, mkubwa wao binti wa chuo anaitwa Esta. Alisema kabla kibali cha ujenzi hakijatoka lazima ijulikane ni vidudu gani wanaishi pale, wale wote wasio na mfupa, wa majini na wa nchi kavu. Walifukia vikombe usawa wa ardhi, mdudu akipita anatumbukia. Walitandika shuka jeupe chini ya mikorosho wakapiga matawi, wadudu wakaanguka juu yake kama mvua. Tatu, mke wa Bakari, alipoliona shuka lile alikimbia akipiga kelele kwamba hawa wanapima sanda. Nilimcheka siku nzima. Leo simcheki.

Bwawani Esta alichota na wavu, akapata watoto wa kerengende na mende wa majini. Konokono hata mmoja hakumpata. Akatuambia kwamba wakipata kiumbe asiyepatikana kwingine, ujenzi unaweza kusogezwa, na kwamba atarudi kiangazi kutazama tena. Neno hilo la kusogezwa lilinikaa kichwani nikalala nalo.

Mwezi wa sita ukaniletea watoto kwa likizo. Yusufu alishinda bwawani, anazama huku anaibukia kule. Sabra alikuwa anachovya miguu tu akimtania kakake kuwa anaogelea kama mbuzi. Mimi nimekaa ukingoni namwambia Yusufu zama tena, babu yako alikuwa anavuka mto Ruvuma kwa pumzi moja. Uongo ule, lakini alizama.

Juzi Esta amerudi. Kuchota wavu mara moja tu, konokono tele. Nilivimba kifua. Akawatia kwenye glasi ya maji safi, akaiweka juani. Jua lilipokolea akanipa kioo cha kukuzia nitazame. Kwa macho matupu maji yale ungeyanywa. Kwenye kioo, Somoe, yalikuwa kama yanachemka. Vitu vidogo vyenye mikia iliyogawanyika, vinapanda, vinashuka, vinahangaika. Nikamuuliza vinatafuta nini. Akasema vinatafuta ngozi ya mtu. Vikiipata vinaingia, na baadaye mtu huyo anakojoa damu. Ni kichocho.

Akaniuliza kama kuna watoto wanaooga pale. Nikamwambia haogi mtu. Mdomo wangu ndio uliosema hivyo, sijui kwa nini. Akasema konokono hawa si wa ajabu, wamejaa kwenye mabonde ya mpunga, ila kinachomshangaza ni namna walivyofika bwawani, maana hapa hakuna mkondo unaoingia. Alinitazama. Nikaangalia mikorosho.

Somoe, ni mimi niliyewaleta. Kabla watoto hawajaja nilipanda pikipiki ya Lourenco mpaka mabondeni karibu na mto, nikajaza ndoo konokono, nikaifunika majani. Lourenco akauliza, nikamwambia chambo. Alicheka kwamba mzee anakwenda kuvua papa kwa konokono, nami nikacheka nikijua nawachezea watu wa chuo. Niliwamwaga bwawani kwa mikono yangu. Nilidhani nalilinda bwawa la mama.

Mtoto hajakomaa. Mtoto anaumwa, na mimi ndiye niliyemtia ugonjwa. Usimpeleke akatiwe wembe huku damu inamtoka. Mpeleke hospitali leo, waambie wapime kichocho, waambie alioga kwenye bwawa lenye konokono. Esta amesema dawa ipo, ni vidonge tu, ila mtu akikaa nacho muda mrefu kibofu kinaharibika. Na Sabra mpeleke, hata kama mkojo wake ni mweupe. Miguu nayo ni ngozi. Jando litangoja.

Mimi tangu jana nakaa ukingoni na fimbo nafukuza watoto wa watu. Wananizomea kwamba mzee analinda konokono wake. Nikifumba macho naona ile glasi, na kila mtoto anayepita namtazama nisijue nani ameshaingiwa. Ijumaa baada ya swala nitasimama mbele ya wote, Esta akiwemo, niseme nilichofanya. Mwenyekiti nimeshamwambia kampuni walete katapila walifukie bwawa. Alidhani natania, akaniuliza mara mbili.

Nisalimie Rehema, nisalimie majirani wa hapo Ufukoni. Yusufu mwambie babu anamwogopea. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, wewe shahidi. Ukimaliza kusoma usinilaani kwanza, Somoe. Mpeleke mtoto kwanza. Laana yako itanikuta hapa hapa bwawani, siondoki.

Ndimi kaka yako,
Zuberi Chilumba