Nimemfuta Apá Kwenye Fomu ya Kazi

Doña Remedios mpendwa, nakuandikia, naomba usinicheke na usilitaje jina langu gazetini, maana hapa Laredo mpakani tunajuana na mama husoma safu yako kila Jumapili akinywa kahawa. Nina miaka ishirini na sita, Mei nimemaliza shahada ya uzamili ya usalama wa taifa, wa kwanza ukoo mzima kuvaa joho, nikapata kazi serikalini ya kuchambua taarifa za vitisho, lakini kabla hujaanza unajaza fomu ndefu ya upekuzi, wanataka kila nyumba uliyolala, kila ndugu, hata baba wa kambo, na kama kazaliwa nje wanataka namba za karatasi zake za ukaazi, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu apá Rosendo, huyo baba wangu wa kambo aliyenilea tangu nina miaka sita, aliyeezeka mapaa ya nusu ya mtaa huu juani ili mimi nisome, hana karatasi hata moja. Doña, nilimwacha nje ya fomu. Niliandika naishi na mama tu nikatia sahihi, mimi niliyesoma muhula mzima jinsi waongo wa fomu hizi wanavyonaswa, na mtihani nikapata A!

Sasa mpekuzi kapiga simu, Alhamisi atanihoji kisha atagonga kwa majirani, na mama ameshapeleka sahani ya tamales za unga wa mahindi kwa señora Ofelia wa nyumba ya pili ili amfundishe la kusema, "Comadre, shoga yangu, wakikuuliza, sisi tuko wawili tu, mimi na binti," Ofelia akamjibu, "Na hilo gari lenye ngazi juu mlangoni, niseme ni lako, siku hizi unapanda mapaa?" wakacheka, mimi nikaenda kumtafuta apá. Nilipomwambia apá ukweli hakunigombeza, na ningeshukuru angenigombeza, alisema tu, "Usihangaike mwanangu, nitakaa kwa rafiki yangu, kompadre Chuy, mpaka hao watu wapite," akafunga begi, halafu akaitoa ukutani picha ya mahafali yangu, ile tuliyosimama watatu, akaifukia chini ya mashati yake na kuondoka. Hii kazi nimeisotea miaka, lakini apá ni apá. Nifanyeje? Nijibu Jumapili hii, tafadhali.

Mwenye Sahihi ya Uongo

* * *

Binti, vuta pumzi kwanza. Majina yote nimeyabadilisha, na kazi ya baba yako pia, maana wewe mwenye shahada ya usalama umeniandikia kila kitu mpaka namba ya nyumba! Ndiyo maana Alhamisi yako inanitia hofu.

Nakuonea huruma, tena sana. Lakini acha kujidanganya kwamba ulimficha ili kumlinda. Ulimficha ili upate kazi. Ungetaka kumlinda, fomu hiyo usingeipeleka. Na sasa jirani naye aidanganye serikali kwa sahani ya tamales? Mnamtafutia mama wa watu kesi.

Kesho asubuhi mwambie mpekuzi unaomba kuahirisha, basi, usiongeze neno. Kisha tafuta mawakili wawili, mmoja wa uhamiaji kwa ajili ya baba, mwingine wa kwako, maana kwa sasa linalokufaa wewe linaweza kumdhuru yeye. Wao ndio watakaokwambia usahihishe au ujiondoe. Ukiniuliza mimi, ningejiondoa. Kusahihisha ni kuliandika jina lake, na hilo huwezi kulifanya bila yeye kukubali, ana kwa ana, akijua hatari yake. Shahada yako haitachacha. Kaunti zinatafuta watu wa kupanga uokoaji mto ukifurika, na wengi huko hawaulizi nani analala chumba cha pili. Utalia kidogo, halafu utafanya kazi.

Na wewe mama, najua unasoma na kahawa imeshapoa mkononi. Nenda kwa Ofelia leo hii, mwambie asiseme uongo wowote kwa ajili yenu. Sahani mwachie.

Halafu, binti, nenda kwa huyo kompadre ukamchukue baba yako. Usimtume mama. Begi libebe wewe. Mkifika nyumbani, kabla hajaketi, itoe ile picha chini ya mashati uirudishe ukutani, naye akiona. Najua msumari bado upo.