Vipyenga Viwili Vibovu

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Hawajambo wote hapo kwa mama yako mkubwa? Bado anakufumulisha mishono na kukushonesha upya? Vumilia, dada yangu alizaliwa na sindano mkononi. Mimi mzima. Saratani yenyewe waliiwahi ikiwa changa, titi limepona vizuri, na tangu nimalize mionzi mwezi wa kumi na mbili hata ngozi imeacha kuwasha. Nimerudi uwanjani na watoto wangu wa netiboli.

Kinachoniudhi ni kipyenga. Nakipuliza, kinatoa sauti ya panya aliyekanyagwa. Nimenunua kingine, nacho kibovu vilevile! Watoto wananicheka, eti mwalimu wa michezo siku hizi anaanzisha mechi kwa kupiga makofi. Vitu vya sasa vinatengenezwa ovyo kweli. Na vumbi la uwanja limenipa kikohozi kikavu, nakunywa dawa ya maji ya dukani.

Ningekupigia, lakini wewe kwenye simu unakuwa bubu, ukishika kalamu ndiyo unakuwa kasuku. Andika.

Mama yako

10 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Jana nilitia zipu kwenye sketi, Mama Mkubwa akaikagua, hakusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Mama, unisamehe kama nakosea. Vipyenga viwili haviharibiki kwa pamoja. Nadhani pumzi yako ndiyo imepungua. Unakumbuka siku ya mwisho ya mionzi, ulipokuwa unamuuliza muuguzi nani kamsuka? Mimi nilikuwa namsikiliza. Alisema pafu lililo nyuma ya titi huguswa kidogo na mionzi, na kwa baadhi ya watu huja kuvimba baada ya wiki au miezi kadhaa. Unapata kikohozi kikavu, pumzi inakuwa fupi, pengine na homa. Akasema tusikae na tatizo hilo nyumbani, maana linatibika.

Ngazi za ofisi ya walimu unazipanda bila kupumzika? Nijibu kweli.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Cherehani imekupa udaktari? Ngazi nasimama katikati, najifanya nasoma ubao wa matangazo. Umeridhika?

Lakini hospitali siendi. Wakinipiga picha ya kifua wataona kitu, nami nakijua ni kitu gani. Ule ugonjwa umerudi, na safari hii umeingia kwenye mapafu. Niache nimalize muhula na watoto wangu nikiwa bado mwalimu, si mgonjwa. Mama yako mkubwa usimwambie.

Mama

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Usikasirike. Nimepiga simu hospitali, kitengo cha mionzi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Muuguzi alipopokea nilinyamaza kama kawaida yangu. Akasema, "Haloo, nani? Nakata sasa hivi." Nikapayuka mpaka wateja wa Mama Mkubwa wakageuka: "Usikate! Mama yangu ni mwalimu wa michezo na vipyenga vyake vyote vimeharibika!" Akacheka. Nilipomweleza kikohozi na ngazi, akaacha kucheka. Amesema hakuna anayejua ni nini mpaka waangalie, na hata wewe hujui. Wanakusubiri Jumanne saa tatu asubuhi.

Mama Mkubwa nimemwambia. Anakuja kukuchukua Jumatatu, na amesema ukijificha atakutoa hata uvunguni mwa kitanda.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu mwenye mdomo,

Hujambo? Nimechelewa kuandika, nilikuwa nalala kama mtoto mchanga. Saratani haijarudi. Soma tena: haijarudi. Nilimwomba daktari arudie mpaka akaniuliza kama masikio yangu ni mazima. Ni pafu tu limevimba pale mionzi ilipopita. Nililia begani kwa mama yako mkubwa, akanisukuma, "We! Blauzi ya hariri hii, utailowesha!" Kisha naye akalia.

Nimepewa vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe. Watanipunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ni marufuku kuviacha ghafla, hata nikipata nafuu. Vinatia njaa hivyo! Juzi nimekula chakula changu na cha jirani. Kikohozi kinaisha, na ngazi nazipanda bila kusimama.

Jana, kwa nafuu hiyohiyo, nikaona vidonge sasa basi. Nikafunga chupa, nikaitupa juu ya kabati. Halafu nikakuwaza umeshika simu, umefura, unamtafuta muuguzi. Nikapanda kiti, nikaishusha, nikameza.

Mama yako, anayekuogopa