Zamu ya Asubuhi Inataka Kiingereza

Mama mshauri, shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, ukiona nimekatisha maneno ujue ameamka. Mimi nafua shuka na taulo hotelini, zamu ya mchana, naondoka mwanangu akitaka kunyonya na nikirudi ameshalala, na sasa imepatikana nafasi zamu ya asubuhi, msimamizi amesema niende Jumatatu anisikilize, maana mfuaji wa asubuhi ndiye anayempa ripoti kwa mdomo, shuka zipi tayari, zipi bado, ipi ina doa lililogoma, na yeye msimamizi hajui Kiswahili, ni Kiingereza tu. Kazi naijua. Kinachonikwamisha ni "I washed" na "I have washed". Msimamizi akipita mchana akaniuliza, nikifungua mdomo zote mbili zinagombania kutoka, mimi naduwaa, mwisho naonyesha kwa kidole na mwenzangu anayepiga pasi ananisemea.

Mume wangu ni karani, amesoma kunizidi, nikamwomba anifundishe. Nikianza tu, "Simama! Hapo weka have." Naanza upya, "Hapo toa have, si umetaja jana?" Juzi wifi yangu alikuja, mume akamwambia, "Msikie wifi yako anavyoua Kiingereza, na mashahidi tupo." Wifi akacheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilikuwa na dawa yangu, nikimwogesha mtoto namwambia kwa Kiingereza kila ninachofanya, nimekuosha mguu, nimekuosha sikio, naye ananikodolea macho anacheka, hanisahihishi. Mume amekataza, eti nitamlisha mtoto Kiingereza kibovu. Jumatatu anataka niseme mtoto anaumwa, nisiende kujiaibisha. Si mtu mbaya, nampenda. Lakini meno ya kwanza ya mwanangu aliyaona jirani anayenishikia mtoto, mimi nikahadithiwa. Niende, au niseme anaumwa?

Mfua Shuka

Mfua Shuka, marahaba.

Mtoto ni mzima, usimsingizie ugonjwa. Utakwenda.

Hilo linalokutoa jasho mmelikuza nyumbani kwenu. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, juzi, Jumapili, tumia ile isiyo na "have". Usipotaja, na unachotaka ajue ni kwamba kazi imekwisha na shuka hizi hapa, tumia yenye "have". Tunateleza kwa sababu midomo yetu imezoea kusema "nimekuja jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinashtuka. Basi. Ukikosea, msimamizi atasikia kwamba shuka zimefuliwa, na hakuna mgeni atakayelala juu ya godoro tupu kwa sababu yako.

Ila nawe nakugombeza. Kwa nini kazi ya mikono yako isemwe na mtu wa pasi? Umemzoesha msimamizi kudhani huna la kusema. Kesho mwambie mwenzio, kwa upole, "Leo niachie." Useme shuka, useme doa, unyamaze. Keshokutwa hivyo hivyo.

Mumeo mwambie wifi akiwa hayupo: "Baba, nisikilize mpaka nimalize, ndipo unirekebishe." Akishindwa, basi ualimu umemshinda, abaki kuwa mume, huko naona anajitahidi. Na mtoto aendelee kuogeshwa kwa Kiingereza. Hakuna mtoto aliyeharibika kwa kuongeleshwa na mama yake. Lugha atarekebishwa na walimu, ninyi wawili mko kwenye maji ya kuoga, chekeni.

Jumatatu ukiingia usingoje kuulizwa. Mtazame msimamizi, umwambie unataka zamu ya asubuhi, na kwamba mwanao ni mdogo na unataka ukirudi nyumbani umkute macho. Hayo yote ni ya wakati wa sasa, mama, hakuna kuchagua uweke au utoe "have" hapo. Yaseme kwanza.