Kiswahili Tu Wodini

Ilemela, Mwanza
20 Julai 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimekuachia, na Mama naye anatembea vizuri na goti lake. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya asubuhi mwezi huu ni kali, upepo unatoka ziwani na kuingia moja kwa moja madirishani kwetu, lakini tunakwenda. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Muda ulikuwepo, Baba. Nilikosa uso wa kukuandikia.

Katika barua ile ya Pasaka nilikueleza jinsi daktari mwenye nyumba hii ya kulelea wagonjwa alivyonikabidhi usimamizi wa wauguzi wote. Nilikueleza pia kwamba nimeweka sheria ya kusema Kiswahili tu wodini, kwa kuwa hapa tumechanganyika, Wasukuma, Wahaya, Wajita na Wajaluo, nami sitaki ukabila. Ulinijibu kwamba hiyo ndiyo Tanzania uliyoifundisha darasani miaka yako yote, na kwamba barua yangu ulimsomea mwalimu mwenzako, Mwalimu Josephat. Sasa naomba usome na hii.

Yupo muuguzi mwenzangu anaitwa Aoko, Mjaluo wa upande wa Shirati. Kazi anaijua, ila hatukulelewa namna moja. Mimi nyumbani kwako nilifundishwa kushusha sauti mbele ya mzee na kutomkazia macho. Aoko huingia wodini na sauti yake yote, anamtazama mgonjwa usoni, anamtania, anamshika bega. Nilimwona hana adabu. Naye, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, aliniona mimi ni mtu wa kununa.

Mwezi wa Februari akaletwa Mzee Okech, mvuvi wa zamani aliyepooza upande wa kulia. Wanawe wanafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, mchana hakuna wa kumwangalia. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya Kiswahili chote, akabaki na Kijaluo peke yake. Kwa hiyo Aoko ndiye akawa anamlisha na kumwogesha, wakiongea kutwa nzima na kucheka. Hapo ndipo nilipoweka ile sheria. Aoko alinifuata kwa upole, akaniomba nimwondoe mzee katika sheria hiyo kwa sababu hana lugha nyingine. Nilimjibu kwamba nikimwachia mmoja nitawaachia wote, na kwamba mzee atazoea. Nilipomkuta tena anaongea naye, nikamhamishia Aoko wodi ya wanawake, na Mzee Okech nikamchukua mwenyewe. Mzee akaanza kupunguza kula. Nikawaambia wanawe kwamba ni ugonjwa.

Basi, mwanzoni mwa mwezi huu, asubuhi moja, nilimkuta miguu imepoa sana. Nikajaza chupa maji ya moto, nikaizungushia kitambaa, nikaiweka chini ya blanketi karibu na mguu wake, kisha nikaenda kumnywesha uji Mzee Chenge wa kitanda cha pili. Mzee Okech akaanza kurudia neno moja: mach, mach. Mimi nikasikia macho. Nikadhani yanamuwasha. Nikachukua pamba na maji safi, nikamfuta jicho hili na hili, taratibu, nikijiona nina huruma. Alitikisa kichwa akalisema tena. Machozi yakaanza kumtoka, na hayo nikayafuta.

Aoko alisikia akiwa verandani, akaja mbio. Nilisimama mlangoni nikamzuia.

"Aoko, wodi yako ni ile pale."

"Sista, mzee anasema moto."

Nilimwambia huyu ni mgonjwa wangu na anaumwa macho, arudi kazini kwake.

"Mach ni moto, Sista. Mzee anaungua."

Akanisukuma begani akapita. Alipofunua blanketi, kitambaa kilikuwa kimeteleza, na chupa, bila kitambaa, imeegemea kisigino cha ule mguu ambao mzee hawezi kuusogeza. Ngozi ya kisigino ilitoka na chupa. Sitaeleza zaidi, Baba. Harufu yake bado ninayo.

Jioni wanawe walikuja. Aoko alizungumza nao kwa Kijaluo pale nje, mimi nimesimama kando, sielewi kitu isipokuwa jina langu lilipotajwa. Nilijua analipiza. Kisha mkubwa wao, Zadok, akanijia akasema kwamba wameelezwa yote, kwamba sisi wauguzi tulikosea na tunaomba radhi, na kwamba mimi nimelia sana. Sisi. Aoko alijiingiza katika kosa langu mbele ya watu wake, na wala sikuwa nimelia. Nililia baadaye.

Kesho yake nilimweleza daktari ukweli, na usimamizi nikaurudisha. Hilo si gumu kukuandikia. Gumu ni hili.

Baba, sheria ile haikuwa kwa ajili ya Tanzania. Nilikuwa nikiwasikia Aoko na mzee wanacheka, nikaamini wananicheka mimi. Ni hivyo tu. Ulichonifundisha kilikuwa kizuri, mimi nikakichukua nikakifanya fimbo. Tena huyo Mzee Chenge ni Msukuma mwenzetu. Kila asubuhi, chini ya sheria yangu mwenyewe, nilimwamkia mwangaluka, tukaongea Kisukuma mpaka uji ukapoa, wala sikujisikia kwamba nimevunja kitu. Aoko alikuwa anasikia. Hakusema. Naomba Mwalimu Josephat naye ayajue haya, nisiendelee kusifiwa.

Nilimfuata Aoko akiwa anaanika mashuka, nikamwomba radhi, kisha nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama kweli walikuwa wananicheka. Alikung'uta shuka moja.

"Siku moja, ndiyo," akasema. "Mzee alisema unatembea kama mtu aliyebeba mtungi, anaogopa maji yasimwagike. Siku nyingine tulikuwa tunaongea habari za samaki."

Akaendelea kuanika. Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Mguu wa Mzee Okech unapona polepole. Mimi hataki niuguse. Nikimsogelea na dawa anafumba macho na kugeukia ukutani, mtu mzima kama wewe, Baba, ananiogopa. Kwa hiyo kidonda anakisafisha Aoko, mimi nashika beseni. Wanaongea yao, nami naangalia maji. Juzi Aoko alinifundisha namna ya kumuuliza mzee kwa Kijaluo kama anaumia. Nimelirudia neno hilo nikiwa peke yangu mpaka ulimi umelizoea, ila mbele yake bado sijalitoa.

Barua hii nampa Ngosha, anayevuka kwa kivuko cha Busisi Jumamosi, pamoja na blanketi zito la Mama na dawa yako ya kifua. Nisalimie Mama na wote hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Ukiona vema kunijibu, hata kwa kunikaripia, nitashukuru. Ukinyamaza, sitauliza kwa nini.

Ni mimi binti yako,
Bernadeta Masalu