Boksi Atakalolalia Mjukuu Wangu Finlandi

Ijumaa, mwanzoni mwa Novemba. Jua la Mtwara leo halina adabu. Nimefungua madirisha yote hapa nyumbani Rahaleo na bado jasho linanitiririka shingoni, na kitandani kwangu kuna koti zito la mtumba nitakalolihitaji wiki ijayo. Nimelijaribu mbele ya kioo. Nimependeza, sitaki kusema uongo.

Naenda Finlandi. Rukia, mwanangu wa pekee, anajifungua huko mwezi huu, na mimi ndiye nitakayemhudumia mpaka arobaini yake iishe. Viza ipo, ruhusa ya kazini ipo, na wanafunzi wangu wa darasa la tatu wameshaniagiza niwaletee barafu.

Mkwe wangu, Antti, ni mtu wa mipango. Wiki iliyopita alinitumia maelezo marefu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, juu kabisa kaandika: Mambo ya msingi kwa mgeni. Nilinuna. Mimi mgeni kwenye uzazi wa mwanangu? Lakini nilisoma, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili na kalamu mkononi, maana mwalimu ni mwalimu tu.

Kwa kuwa kila ninayekutana naye ananiuliza huko kukoje, nayaweka hapa. Novemba jua linachelewa kuchomoza na linawahi kuzama, kwa hiyo mtu anaenda kazini gizani na kurudi gizani. Pesa yao ni yuro, ila hata ndizi moja unalipa kwa kadi. Maji ya bombani unakinga unakunywa, hakuna kuchemsha. Ukiambiwa saa nne, fika saa nne. Kwa mtu huendi bila kuahidiana. Viatu unavua mlangoni, na hapo nilimwekea Antti vema kubwa, kumbe wamelelewa.

Halafu wana chumba cha joto kinaitwa sauna. Anasema zamani wanawake wao walijifungulia humo, kwa sababu ndipo palipokuwa pasafi na penye maji ya moto. Bibi yake mwenyewe alizaliwa humo. Hilo lilinifurahisha kuliko yote, maana nilikuwa nawaza nitamkandia wapi Rukia. Watu wanaojua thamani ya maji ya moto kwa mzazi tutaelewana.

Moja tu limenishinda: vichanga wanalazwa nje kwenye kigari, kwenye baridi ile, eti ndio wanalala vizuri. Hilo tutalizungumza nikifika.

Sasa boksi.

Mwisho wa maelezo Antti alibandika picha ya boksi la karatasi ngumu lenye kigodoro ndani. Chini yake kaandika, mtoto atalala hapa. Basi, hakueleza zaidi. Nilikaa chini. Mwanangu kaenda mpaka Ulaya, mjukuu wangu alale kwenye boksi?

Nikampelekea picha jirani yangu, Bi Somoe, kwa sababu jambo kama lile huwezi kulibeba peke yako. Sikumwomba kitu. Lakini mtaani kwetu mzazi akikosa kitu, watu hawaulizi mara mbili. Jioni hiyohiyo picha ilikuwa kwenye kundi la simu la akina mama. Kesho yake baada ya Alasiri wakaja: huyu na shuka, huyu na beseni, huyu na sabuni. Aliyesoma na Rukia alitoka Mtawanya na neti ya mtoto. Kanga ndizo usiseme. Bi Somoe alishaanza kumuulizia fundi wa Ziwani kama anaweza kutengeneza kitanda cha kukunja. Nilipokea vyote, nikalia kidogo, nikafunga begi.

Jana Rukia akapiga simu. Mama mmoja alikuwa amemtumia ujumbe wa pole kwa hali ngumu, Mungu atamfungulia njia.

"Mama, umenitembezea bakuli mtaani?"

Akanieleza. Lile boksi mama yeyote mjamzito anapewa na serikali, tajiri kwa maskini, boksi lilelile. Linakuja limejaa nguo, kofia, blanketi. Ukishatoa vitu linageuka kitanda. Antti mwenyewe kalala humo alipokuwa mchanga. Mwishoni akasema kama naenda kumwonea huruma, bora nisiende. Akakata.

 Mtoto ninaye mmoja, na uzazi wake wa kwanza ni huu. Nikikosa arobaini hii, nikija kwenda baadaye nitakuwa mgeni kwelikweli.

Asubuhi ya leo nimerekodi sauti kwenye kundi la akina mama. Nimesema nimekosea, boksi si umaskini, nikaeleza mpango wote ulivyo. Nikasema pia kila mtu aje achukue chake.  Kisha akajibu Bi Somoe, taratibu kama anavyoongea siku zote.

"Kwa hiyo wanapewa wote? Hata mke wa mkubwa?"

Nikamwambia hata mke wa mkubwa.

"Basi hao wana kikundi cha akina mama kikubwa kuliko chetu. Na vitu havirudi, mwalimu. Sisi hatukutoa kwa kuwa Rukia hana. Tumetoa kwa kuwa anazaa."

Wenzake wakajaza kundi kwa vicheko na dua. Nikaichukua sauti ile ya Bi Somoe nikamrushia Rukia vilevile. Sikuongeza neno, na walionizoea wanajua hiyo ni kazi.

Mchana mzima simu ilikuwa mkononi. Nimekwenda sokoni nayo, nimepika nayo, nimeunguza wali.

Baada ya Alasiri jibu likaja. Picha ya boksi lilelile, safari hii limetandikwa vizuri, nguo zimekunjwa pembeni. Rukia kaandika: "Mama, nimepanga vyote. Soksi zipo, kofia zipo, hata kipimajoto kipo. Kanga hawakuweka. Njoo nazo zote, usiache hata moja."

Nimesoma nimerudia, nikafungua begi upya. Mabeseni nimempa Bi Somoe anitunzie, maana hata huko kwenye sauna mabeseni hayawezi kukosa. Kanga zimeingia zote, pamoja na ile yangu ya zamani niliyombebea Rukia mwenyewe, imechakaa na ni laini. Begi limekataa kufunga mpaka nikalikalia.

Koti ndilo lililokosa nafasi. Nitalivaa kuanzia hapahapa, uwanja wa ndege wa Mtwara, na vifungo vyote nitafunga. Anayetaka kunicheka aje anisindikize.