Mara Nane Kwenye Mashine ya Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba dawa unazimeza baada ya kula, kama daktari alivyosema na kama wewe usivyopenda. Mimi mwili hauna neno, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na asubuhi vidole vinakuwa vizito hata nikajiuliza kama nitaweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Mjukuu wetu hajambo. Ana miezi minne na wiki moja, mashavu yamejaa, na akichukia anakunja uso kama marehemu mama alivyokuwa akionja chai isiyo na sukari.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Nalala sebuleni, kwenye kochi linalokunjuliwa, na nyumba ni ndogo kiasi kwamba mtu akikohoa jikoni, wa chumbani anamwambia pole. Barua hii naiandikia chini ya jengo, kwenye chumba cha mashine za kufulia, nikisubiri nguo za mtoto zikauke.

Najua unachotaka kuniuliza kwanza. Laini yangu ya simu nilikuachia wewe, kwa hiyo ujumbe wa benki unaingia kwako, na umeona nimetoa pesa mara nane katika siku kumi na saba. Uliponiuliza kama nimeamua kununua nyumba huku, nilicheka, nikasema ni nepi na maziwa ya mtoto. Dada, nepi za kiasi kile zingetosha wodi nzima. Nilikudanganya, na kabla ya hapo nilikudanganya pia niliposema kwamba binti yetu amepata maisha.

Nianze na mkwe wetu, nisije nikamwonea. Hanywi, hapigi, hapandishi sauti. Kazi yake ni kutengeneza lifti, na asubuhi kabla hajatoka ananiwekea chai mezani na kuifunika kisahani isipoe. Wiki ya kwanza nilimshukuru Mungu. Wiki ya pili binti yetu alitakiwa kumpeleka mtoto kliniki, nikamwona anamfunga shuka mgongoni na kuanza kuvaa viatu vya kutembelea. Nikamuuliza mbona hapandi basi. Akasema mume wake ametoka bila kuacha nauli. Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua imenyesha. Tulitembea dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, na upepo ukitukata masikio.

Nikaanza kufungua macho. Unajua anafanya kazi kwenye dobi la hoteli, anapiga pasi mashuka. Mshahara unaingia kwenye akaunti ya mume. Akitumwa dukani anapewa pesa kamili, na akirudi risiti inabanwa kwenye mlango wa friji, jioni mume anaipitia taratibu, bila ugomvi, kalamu mkononi. Siku moja palikuwa na sabuni ambayo haikuwa kwenye orodha. Hakumfokea. Alimuuliza tu, kwa upole, kama ile ya zamani ilikuwa imekwisha kweli, na binti yetu akaenda bafuni kuleta kipande kilichobaki amwonyeshe. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto. Niliangalia pembeni, Dada, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa.

Kesho yake, mume akiwa kazini, nilimwambia turudi nyumbani wote watatu. Pasi za kusafiria hazikuwa zimefungiwa, zilikuwa kwenye droo ya mashati. Aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza nauli itatoka wapi. Mimi nikalichukua swali hilo kuwa ndiyo.

Nilikuwa na akiba yangu ya kushona sare za shule, ile ya miaka sita. Nilijaribu kulipia tiketi kwenye mtandao kwa kadi yangu, ikakataliwa mara mbili. Kwa hiyo ilibidi nitafute pesa taslimu. Nilikwenda kwenye mashine iliyo mlangoni mwa kituo cha treni. Ikaniuliza kama nataka ihesabu kwa fedha ya kwetu au ya huku. Dada, nilipoona jina la fedha ya kwetu pale kwenye kioo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, nikabonyeza ndiyo. Nilipopiga hesabu nyumbani, furaha ile ilikuwa imenigharimu sare tatu pamoja na vifungo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayefagia ngazi za jengo hili, mtu wa lugha yetu, ameishi huku miaka ishirini. Wanaomjua wanamwita Shangazi Senti, maana hakuna ada asiyojua ilipojificha. Aliniambia niziogope mashine za vituoni na madukani, zina mwenyewe na mwenyewe anataka chake. Niende kwenye ya ukutani, ya benki yenyewe. Ikiniuliza fedha gani, nichague ya huku hata ikinibembeleza. Na maduka ya kubadilisha fedha yaliyoandika kwamba hayatozi chochote niyapite kama napita kaburi, kwa sababu wanakula kwenye kiwango cha kubadilishia. Akasema kila ukitoa unakatwa, utoe kidogo au kingi, kwa hiyo toa kingi mara chache. Nikamwambia benki yetu imeniwekea kikomo cha siku, na ni kidogo. Akavuta pumzi, akasema basi tutakwenda mara nyingi, na kila mara tutaumia.

Hiyo ndiyo hesabu uliyoiona. Mara ya kwanza ilikuwa ya ujinga, saba zilizofuata zilikuwa za akili. Nilimweka mjukuu kwenye kigari, nikasema nampeleka kupata hewa, tukapita mtaa wa benki, kila siku mbili au tatu. Karani wa mle ndani alishanizoea, akawa ananipungia mkono kupitia kioo, nadhani alifikiri bibi huyu ana mapenzi na ukuta. Noti nilizishonea ndani ya bitana ya koti langu. Nilishona vizuri, mshono mdogomdogo, hata wewe usingeuona. Nikawa natembea na nauli ya mwanangu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikusikia baridi.

Shangazi Senti alitupatia duka la tiketi linalopokea taslimu. Walihitaji msafiri mwenyewe aende na pasi yake. Duka liko njiani kwa binti yetu akienda dobi. Kwa hiyo Jumapili, mume alipotoka kwenda kutazama mpira, nilifumua bitana, nikamhesabia zote mkononi, za mtoto na zake. Akaniambia ahsante Mama, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumatatu jioni tulikaa mezani. Mkwe wetu alikuwa na bahasha mbele yake. Akaifungua, akazitoa noti zangu, akawa anazinyoosha pembe moja moja pale nilipozikunja kwa ajili ya mshono. Akaniambia Mama, sijui nikushukuruje. Akasema mke wake amemweleza jinsi nilivyojinyima kwa ajili yao, na kwamba pesa hii, pamoja na alizoweka, itatosha kuhamia nyumba kubwa kidogo, ili nikija tena nipate chumba changu mwenyewe, si kulala kwenye kochi kama mgeni. Macho yake yalikuwa na machozi, Dada. Naapa yalikuwa ya kweli. Kama alijua zile noti zilikuwa za nini, sikuliona usoni mwake, na nilimtazama sana.

Binti yetu alikuwa akimfuta mtoto mdomo. Hakuinua kichwa.

Nami nikasema: “Haya baba, na iwafae.”

Hayo ndiyo niliyoweza. Nimelea, nimezika mume, nimegombana na walimu wakuu wa shule tatu kuhusu bei ya sare, na siku ile maneno yangu yote yalikuwa hayo manne.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza kwa kunong’ona imekuwaje. Nilitaka aniambie alipekuliwa, au alilazimishwa, nipate pa kuweka hasira. Akasema hapana, hakumlazimisha. Mume alirudi, akamuuliza siku yake ilikuwaje, naye akamwambia habari ya pesa. Asubuhi alifika kwenye duka la tiketi, akasimama mlangoni kidogo, akaendelea na safari. “Nisingeweza kukaa nazo, Mama,” akasema. “Zilikuwa zinanichoma.” Kisha akanipa sahani nikaushe.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha muda mrefu. Sikumkasirikia, Dada, na sababu yake ndiyo hasa iliyonifanya nitafute kalamu.

Unakumbuka mwaka ule uliponiletea nauli nimkimbie mume wangu nirudi kwa mama, mimi nikiwa na mimba yake huyuhuyu? Uliuza redio yako. Ulinifunga noti kwenye pindo la khanga, ukaniambia basi ni la saa mbili asubuhi. Siku ya pili nilikuja kwako nikilia, nikasema nimeibiwa sokoni. Ukamshika kola yule mchukuzi wa mizigo mbele za watu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu yangu, na mkuu wa soko akamkataza kukanyaga pale tena. Hakuiba. Hakuna aliyeiba. Mume wangu alirudi mapema siku ile, akanisalimia vizuri, akaniuliza nimeshindaje. Nikafungua pindo nikampa. Hakuniomba. Hata leo nikijiuliza kwa nini, sipati jibu la kumpa mtu mzima. Wewe ulidhani baadaye nilitulia kwa hiari yangu. Mimi nilitolewa na kifo chake, basi.

Yule mchukuzi nilikuwa nakutana naye mara kwa mara, akisukuma mkokoteni wa maji. Alikuwa ananiamkia. Nimemwitikia miaka yote hiyo.

Sasa nina siku sita zimebaki, na kwenye kadi hakuna kilichobaki cha maana. Nakaa na binti yetu, namfundisha kumwogesha mtoto bila sabuni kuingia machoni, na hatuzungumzi jambo lile. Naogopa nikisema neno moja zaidi atamwambia mumewe na hilo pia, si kwa ubaya, na nitakatazwa hata kuja. Kwa hiyo naaga nikicheka. Nataka kukuuliza wewe uliyekuwa upande wa pili: miaka ile ulikuwa unakuja kwangu kila Ijumaa na mafuta ya taa, unakaa, unaninywesha uji, unaondoka. Ulikuwa unafanya nini na moyo wako ukishafika njiani? Nifundishe, maana mimi sijui kuwa dada wa namna hiyo, sembuse mama.

Nisalimie shemeji, mwambie koti alilonipa limenifaa. Wabusu watoto, na huyo mdogo mwambie mama mdogo anamletea kalamu za rangi. Jirani zetu wote wasalimie bila kuwaeleza kitu. Kurasa hizi Shangazi Senti atazipiga picha akutumie leo kwa simu yake, zikufikie kabla yangu. Ndege inatua Alhamisi mchana. Ukija kunipokea, niulize habari za safari tu, nitakujibu nzuri. Mengine tungoje tufike kwako tufunge mlango, na ukinichukia, nichukie hapo.

Ni mimi,
kitindamimba wako.